Kazi Ilikwenda Ikulu, Mfuko Ukabaki City Hall: kisa cha NMS na pesa za Nairobi

Shimo likifunguka barabarani Nairobi, kabla hujauliza litazibwa lini, uliza kwanza ni la nani. Barabara kuu inayokatiza mjini ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za nchi. Ile pana inayoelekea mtaani, yenye alama zilizopakwa vizuri, huenda ni ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Ukikata kona ukaingia nyuma ya maduka, umeingia kwa kaunti, na mtaro ulioziba hapo ni wa kaunti, taa iliyozimika ni ya kaunti. Mashirika yale mawili ya kwanza ni ya serikali ya kitaifa. Maji ya mvua ya Aprili huvuka mipaka hiyo yote bila kibali, yakaishia sebuleni kwa mtu South C.

Hilo ndilo tatizo la zamani ambalo Februari 2020 lilipewa dawa kali: kazi kubwa za City Hall, makao ya serikali ya kaunti, zilihamishiwa serikali kuu, chini ya chombo kilichoitwa NMS. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara wanaokisimulia hukimbilia kwenye vioja vya wanasiasa. Vioja vilikuwepo, tena vya kutosha. Ila mimi kinachonivutia ni njia ya pesa: zilitoka wapi, zilipita kwa nani, na ni sahihi ya nani iliyozizuia.

Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu 4,397,073 katika sensa ya 2019, na zaidi ya robo ya pato la taifa hutokana na jiji hili. Serikali kuu haiwezi kulala usingizi mji kama huo ukikwama, kwa sababu wizara zake zote, mabalozi wa nchi za nje na wawekezaji wake wamo humo humo. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, taa, maegesho, mipango ya ujenzi, maji na majitaka. Mwenye nyumba ni gavana; Rais ni jirani anayeishi chumba cha mbele.

Pesa za kufanya hayo hutoka mahali pawili hasa. Kuna mgao wa usawa kutoka mapato ya taifa, ambao kwa Nairobi ulikuwa takriban Sh15.9 bilioni katika mwaka wa fedha 2019/20. Na kuna kinachokusanywa na kaunti yenyewe: ada za maegesho, kodi za viwanja, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, mabango ya matangazo. Mapato hayo ya ndani, kwa miaka hiyo, yalikuwa yakipanda na kushuka kati ya Sh8 bilioni na Sh12 bilioni kwa mwaka, huku bajeti ikipangwa kana kwamba yangekuwa makubwa zaidi ya hapo. Zikumbuke tarakimu hizi, nitazirudia.

Kufikia mwisho wa 2019 City Hall haikuwa na mtu wa kushika usukani. Naibu Gavana Polycarp Igathe alijiuzulu Januari 2018 na nafasi yake haikujazwa. Desemba 2019 Gavana Mike Sonko alikamatwa Voi, akashtakiwa kwa kesi za ufisadi alizozikana, na mahakama ikampiga marufuku kuingia ofisini. Kaunti ikawa na gavana asiyeruhusiwa kufika kazini, na hakuna naibu wa kukaimu. Takataka zilikuwa zinarundikana, na hata kupata wa kuidhinisha malipo kulikuwa mtihani.

Katiba ilikuwa na milango miwili kwa hali kama hiyo. Mmoja ni kifungu cha 192, kinachomruhusu Rais kuisimamisha serikali nzima ya kaunti. Mlango huo una kelele nyingi: tume ya uchunguzi, Seneti, kisha uchaguzi mpya. Makueni waliwahi kuufikia kizingitini. Tume ilipendekeza kaunti isimamishwe, Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Mlango wa pili ni kifungu cha 187. Huo hauvunji serikali yoyote. Unasema jukumu la serikali moja laweza kuhamishiwa nyingine kwa makubaliano, iwapo nyingine hiyo italitekeleza vyema zaidi.

Tarehe 25 Februari 2020, Ikulu ya Nairobi, Sonko na Waziri wa Ugatuzi Eugene Wamalwa walitia sahihi hati ya kuhamisha majukumu manne: afya, uchukuzi, ujenzi wa umma pamoja na huduma zake, na mipango na maendeleo. Uhuru alikuwa shahidi. Muda ulikuwa miezi 24. Mwezi uliofuata Meja Jenerali Mohammed Badi wa jeshi la anga akateuliwa kuongoza chombo kipya, Nairobi Metropolitan Services, ambacho wakazi walikijua kwa herufi tatu tu, NMS. Wafanyakazi zaidi ya 6,000 wa kaunti waliazimwa huko. Ukusanyaji wa mapato ukakabidhiwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Kisa cha kwanza cha Corona kilikuwa tayari kimetangazwa nchini, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana kuhusu vifungu.

Sonko alikuja kubisha baadaye. Alidai hadharani kwamba alipewa pombe kwanza Ikulu, na kwamba alipofika mezani hakuwa akielewa anachotia sahihi. Waliocheka walicheka, lakini wanasheria waliuliza swali zito zaidi: gavana aliyezuiwa na mahakama kuingia ofisini, je, ana mamlaka ya kugawa ofisi hiyo hiyo? Juni 2020, katika kesi ya mwanaharakati Okiya Omtatah, Jaji Hellen Wasilwa wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi aliamua kwamba uhamisho haukufuata sheria, akatoa siku 90 kasoro zirekebishwe. NMS haikusimama. Trekta ziliendelea kunguruma huku mawakili wakiendelea kuandika.

Sasa tufike kwenye mfuko.

Kifungu cha 187 kina mikia miwili ambayo, kwa maoni yangu, ilipaswa kusomwa kwa sauti siku ile Ikulu. Mkia wa kwanza: jukumu likihama, lazima uwekwe utaratibu wa kuhakikisha rasilimali za kulitekeleza zinahama nalo. Mkia wa pili: hata likihama, wajibu wa kikatiba unabaki kwa serikali iliyopewa jukumu hilo na Jedwali la Nne. Yaani kazi inaenda kwa jenerali, pesa zinatakiwa zimfuate jenerali, lakini mtoto akifa zahanati kwa kukosa oksijeni, mbele ya Katiba mwenye kujibu ni kaunti.

Ukitaka kujua jinsi pesa za kaunti zinavyotoka, fuata shilingi moja ya maegesho kutoka Kimathi Street. Wakati huo KRA iliikusanya, lakini haikuwa mali ya KRA. Inaingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Haitoki humo mpaka bunge la kaunti lipitishe sheria ya matumizi, na Msimamizi wa Bajeti aridhike kwamba sheria hiyo ipo. Na mswada wa matumizi hupelekwa kwa gavana autie sahihi. Akiwa na pingamizi huurudisha na maelezo, na madiwani wakitaka kumpita ni lazima wafikishe thuluthi mbili. Mgao wa taifa nao, hata ukitoka Hazina, hupitia mfuko huo huo.

Basi tazama kilichotokea. Hati ya Ikulu ilimnyang'anya gavana hospitali, barabara, takataka na ramani za ujenzi. Kalamu haikumnyang'anya. Aliyebakiwa na karibu bure ndiye aliyepaswa kuidhinisha pesa za aliyechukua karibu kila kitu.

Mambo yalipamba moto kwenye bajeti ya 2020/21. Jumla ilikuwa Sh37.5 bilioni. NMS ilitengewa Sh27.1 bilioni, karibu robo tatu. Ofisi ya gavana na idara zilizosalia zikapata Sh8.4 bilioni, bunge la kaunti Sh2 bilioni. Sonko akagoma kutia sahihi.

Wengi waliliona hilo kama kisirani cha mtu aliyejutia alichotia sahihi, na huenda kilikuwamo. Lakini rudi kwenye tarakimu nilizokuomba uzikumbuke. Mgao wa usawa wa mwaka huo haukubadilika, ulibaki Sh15.9 bilioni. Mapato ya ndani, hata kwa mwaka mzuri, hayakuwa yakivuka Sh12 bilioni, na huo ulikuwa mwaka wa Corona: biashara zimedorora, magari yamepungua mjini. Jumlisha. Hata ukiwa mkarimu unapata takriban Sh28 bilioni, ukiacha ruzuku ndogondogo na masalio. Kwa hiyo zile Sh27.1 bilioni za NMS zilikuwa takriban sawa na pesa zote ambazo kaunti ingetarajia kuziona kwa macho. Sh10.4 bilioni zilizobaki kwa gavana na madiwani zilikuwa, kwa sehemu kubwa, wino. Anayepewa wino hugomea hata kama si mkorofi.

Bajeti iliyotiwa chumvi ni ugonjwa wa kaunti nyingi, si Nairobi peke yake. Kaunti hukadiria mapato makubwa ili miradi yote ya madiwani iingie kwenye kitabu, kisha mwaka ukiisha tofauti inageuka kuwa madeni ya wakandarasi. Katika kaunti ya kawaida ugonjwa huo huumiza watoa huduma kimya kimya. Nairobi ya 2020 ilikuwa na serikali mbili zikichota kisima kimoja, kila moja ikiamini kiwango kilichoandikwa ukutani. Juu ya hayo, Seneti ilikuwa imekwama kwenye fomula ya kugawa pesa za kaunti. Ilishindwa kukubaliana vikao kumi hadi Septemba 2020, na kaunti zote nchini zikabaki zinangoja.

Jengo la City Hall na jumba la mikutano la KICC, ambako NMS ilipanga ofisi, hutenganishwa na barabara moja tu ya kuvuka kwa miguu. Kwa miezi kadhaa barua zilivuka barabara hiyo kwa kupitia magazetini.

Mwisho wake unajulikana. Tarehe 3 Desemba 2020 madiwani walipiga kura ya kumbandua Sonko, na suala la kuinyima NMS pesa lilikuwa miongoni mwa mashtaka. Seneti ikaidhinisha tarehe 17 mwezi huo. Spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura, akakaimu, kisha Anne Kananu akaidhinishwa kuwa naibu gavana Januari 2021 na hatimaye akaapishwa gavana Novemba mwaka huo. Sonko alipotoka, kizuizi cha sahihi kilitoka naye. Lakini angalia gharama ya suluhisho: ili pesa za mitaro na zahanati zipite, ilibidi gavana aliyechaguliwa aondoke mamlakani. Makubaliano mazuri yangekuwa na ukurasa mmoja unaosema nini kitatokea pande mbili zikikosana.

Je, NMS ilifanya kazi? Ilifanya, na itakuwa choyo kukana. Pita Muindi Mbingu Street leo, au Kenyatta Avenue. Kabla ya 2020 mtembea kwa miguu alikuwa akipishana na bonneti za magari yaliyopandishwa juu ya kingo. NMS ilipanua njia za miguu, ikatandaza kabro, ikasimamisha nguzo fupi za kuzuia magari. Mama anayesukuma kiti cha magurudumu anaweza kutoka City Market hadi karibu na bustani ya Jeevanjee bila kushuka barabarani. Ni jambo dogo, lakini mji huu ulikuwa umelisahau kwa miongo.

Visima karibu 200 vilichimbwa, vingi kwenye mitaa ya mabanda ambako mtungi wa lita 20 ulikuwa ukinunuliwa kwa muuzaji anayejipangia bei. Hospitali 24 zilipangwa kujengwa katika mitaa hiyo hiyo. Usiku mmoja wa Julai 2021 Uhuru alizunguka akifungua baadhi yake, Mukuru kwa Reuben na Tassia zikiwamo, taa za msafara zikimulika mabati. Watu wa mitaa hiyo hawakuwa wamezoea Rais aje kwao bila kuomba kura.

Kuna mengine yalikwama. Kituo cha matatu cha Green Park, pale Uhuru Highway inapokutana na njia ya Ngong Road, kilijengwa ili matatu za upande huo zisiingie katikati ya jiji. Majaribio yalifanywa, tarehe zikatangazwa, zikasogezwa. NMS iliondoka matatu zikiwa bado zinapigiana honi katika vituo vya Railways na Kencom. Saruji jeshi linaweza kuimwaga kwa amri, lakini abiria anayetaka kushukia mlangoni mwa kazi yake, na makanga anayejua hilo, hawako chini ya kamanda yeyote. Hapo ndipo ilipohitajika siasa ile ya kuchosha ya vikao, madiwani, na wenye magari, ambayo NMS iliundwa makusudi kuikwepa.

Jambo lingine lilinisumbua tangu mwanzo. Jenerali hakuchaguliwa. Amri ya Rais ya Juni 2020 iliiweka NMS chini ya Ofisi ya Rais, na Septemba mwaka huo Badi akaapishwa kuhudhuria vikao vya Baraza la Mawaziri. Mlipa ada wa Kayole aliyekerwa na mtaro angempelekea nani malalamiko? Diwani wake angesema kazi si yetu tena. Mbunge wake ana barabara za KURA kichwani. Kwa Badi hakuna kura ya kumtoa. Pesa zilikuwa za kaunti kwa sehemu kubwa, mamlaka yalikuwa ya Ikulu, na wajibu ulibaki hewani, pale pale ulipoachwa na ule mkia wa pili wa kifungu cha 187.

Ukitaka kuona namna tofauti ya serikali hizi mbili kushirikiana, huhitaji kutoka Kenya. Wakati NMS inazaliwa, miji 59 katika kaunti 45 ilikuwa ndani ya Mpango wa Kusaidia Miji, KUSP, uliofadhiliwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Kaunti mbili pekee hazikuwamo: Nairobi na Mombasa. Humo serikali kuu haichukui kazi ya kaunti hata moja. Inatuma ruzuku yenye masharti: kaunti iupe mji hati ya manispaa, iteue bodi, iajiri meneja, iwe na mpango wa matumizi. Ukitimiza, pesa za barabara, mitaro, masoko na taa zinakuja. Usipotimiza, za mwaka huo zinakupita. Mpango huo una udhaifu wake. Pesa zilichelewa, bodi kadhaa zilikuwa za jina tu, na magavana wengi hawakupenda manispaa zipumue. Lakini aliyejenga soko ndiye aliyebaki na ufunguo wa soko, na hakuna gavana aliyelazimika kung'olewa ili taa ziwake.

Kuna watakaosema Nairobi ni kubwa mno kwa ruzuku ya namna hiyo, na kwamba mwanzoni mwa 2020 hakukuwa hata na mtu City Hall wa kupokea masharti. Hoja ya pili naikubali. Kifungu cha 187 kilikuwa mlango halali, na katika hali ile pengine ndio pekee uliofunguka. Ninachokataa ni kuharakisha hati iliyoeleza kwa ufasaha nani atazoa taka na kuacha karibu kitendawili nani ataidhinisha malipo ya mzoa taka. Kwa jukumu la thamani ya robo tatu ya bajeti, kiasi cha kuhama kilipaswa kukokotolewa kwa pesa zilizokusanywa kweli mwaka uliotangulia, si kwa makadirio. Na sehemu ya NMS ilipaswa kuwa na kifungu chake katika sheria ya matumizi ambacho hakikwami kwa ugomvi wa kifungu kingine. Haya si mambo ya falsafa. Ni kazi ya wahasibu wawili kwa siku tatu.

Muda wa miezi 24 uliisha Februari 2022, ukaongezwa miezi sita. Agosti Johnson Sakaja akaapishwa gavana, na Septemba majukumu yakarudi City Hall. Wafanyakazi walioazimwa wakarudi na faili zao. Uhuru Park, iliyofungwa 2021 ili ikarabatiwe, ilirudishwa ikiwa bado imezungushiwa mabati. Visima vilirudi na bili zao za umeme. Hospitali mpya zilirudi zikihitaji wauguzi, dawa na mshahara kila mwisho wa mwezi, katika bajeti ambayo mgao wake wa usawa ulikuwa umefika Sh19.2 bilioni tu.

Na madeni yakarudi, au tuseme yalijaribu kurudi. Mkandarasi aliyetandaza kabro kwa agizo la NMS alibaki na ankara mkononi na milango miwili ya kubisha. City Hall ingemwambia hakuajiriwa na sisi. Ikulu ingemwambia kazi ile ilikuwa ya kaunti tangu mwanzo, soma Katiba.